Picha Zimeshiba, Hadithi Ina Njaa

Mwombe mtu aliyetazama To the Wonder, filamu ya Mmarekani Terrence Malick ya mwaka 2012, akusimulie alichokiona. Atakutajia picha. Atakueleza jinsi wapenzi wawili wanavyotembea kwenye matope ya Mont Saint-Michel, Ufaransa, maji yakiwa yamekupwa na ardhi ikibonyea chini ya viatu vyao. Atakutajia nyati wa Oklahoma waliowazingira mwanamume na mwanamke uwandani, na jua la jioni linavyopenya kwenye nywele za Olga Kurylenko akijizungusha ndani ya nyumba isiyo na fanicha za maana. Sasa muulize yule mwanamume, Neil, alikuwa anataka nini hasa, na kwa nini ndoa yake na Marina, anayeigizwa na Kurylenko, ilivunjika. Hapo atababaika. Si kwamba alisinzia. Filamu ilikuwa na karibu saa mbili za kumwambia na haikumwambia. Kibaya zaidi, haikumwachia hata swali la kwenda nalo nyumbani.

Haki itendeke: filamu hii ina watetezi. Ilipoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka 2012 kuna waliozomea na kuna waliopiga makofi. Roger Ebert, mhakiki mkubwa wa Chicago, aliisifu katika uhakiki wa mwisho aliouwasilisha kabla ya kufariki Aprili 2013. Mpigapicha wa filamu hii, Emmanuel Lubezki, baadaye alishinda Oscar miaka mitatu mfululizo kwa filamu nyingine, na ukitazama hii unaelewa kwa nini. Hakuna anayeweza kusema imepigwa vibaya. Kwetu huku shida inaanzia hapo hapo, kwa sababu kijana anayejifunza filamu Kisumu, Nakuru au Kakamega huuona uzuri huo kwanza, akauiga, na pamoja nao akaubeba ugonjwa ulio ndani yake.

Mtindo wenyewe mnaujua. Kamera inaelea nyuma ya bega la mtu anayetembea. Mkono unapapasa majani ya mahindi. Msichana anageuka, anatabasamu, anakimbia kuelekea ziwani. Droni inapaa juu ya Dunga au Hippo Point, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria Kisumu, jua likizama ng'ambo ya maji. Sauti inanong'ona kuhusu nyumbani, kuhusu mama, kuhusu upepo. Mtindo huu umeingia kwenye video za nyimbo, matangazo ya hoteli, video za harusi na filamu fupi za wanafunzi. Video ya harusi haina kesi: wanaoitazama wanaijua hadithi tayari, bibi harusi ni dada yao. Filamu ya mtu usiyemjua haina bahati hiyo.

Wengi wakikutana na filamu ya namna hii huulaumu uzuri. Husema mwongozaji amependa picha kupita kiasi, kana kwamba zingekuwa mbaya kidogo hadithi ingejitokeza. Sikubaliani nao hata kidogo. Filamu hizi hufia mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole: kwenye ratiba ya upigaji, kwenye maikrofoni na kwenye meza ya mhariri. Kamera hushuhudia tu.

Ushahidi ni Malick mwenyewe. Mwaka 1978 alitoa Days of Heaven, filamu iliyojaa mwanga wa jioni pengine kuliko hii, na Néstor Almendros akapata Oscar kwa kuipiga. Sehemu kubwa ilinaswa katika dakika chache baada ya jua kuzama. Lakini chini ya mwanga ule kuna jambo linaloendelea. Bill na Abby ni wapenzi wanaojifanya ndugu, wamekuja kutafuta kibarua cha kuvuna ngano. Bill anasikia kwamba tajiri mwenye shamba ni mgonjwa na hana maisha marefu. Anamshawishi Abby aolewe naye, wangoje afe. Tajiri hafi. Kuanzia hapo kila machweo yana uzito, maana kila siku inayopita bila mtu yule kufa ni siku ambayo Abby anazidi kumzoea mumewe na Bill anazidi kuungua ndani kwa ndani. Hata nzige wanapovamia shamba (wengi wa nzige unaowaona angani walikuwa maganda ya njugu yaliyomwagwa kutoka kwenye helikopta), tukio linapendeza na kutisha kwa pamoja kwa sababu kinacholiwa pale ni mali tunayoijua ni ya nani na nani anaivizia.

Msimulizi wa filamu ile ni msichana mdogo, Linda, na hasemi moyo wake unaumaje. Anasema alichokiona, mara nyingi kando kabisa ya jambo lenyewe, na mtazamaji ndiye anayelazimika kuunganisha. Katika To the Wonder sauti hunong'ona kuhusu upendo moja kwa moja, Kifaransa cha Marina kikipokezana na Kihispania cha kasisi anayeigizwa na Javier Bardem. Wanatuambia wanachohisi wakati picha inatuonyesha nyuso zinazohisi kitu hicho hicho. Mambo mawili yakisema neno moja, moja limezidi.

Na hadithi ilikuwepo! Hilo ndilo linaloniuma. Kazi ya Neil ni kupima udongo na maji katika mitaa ambamo watu wanahofia sumu. Anaingia nyuani mwa watu, anachukua sampuli, wanamweleza wasiwasi wao. Huyu ni mtu anayejua kitu ambacho jirani yake hajakijua. Atamwambia nini? Lini? Akimwambia atapoteza nini, na akinyamaza atalalaje na mkewe kitanda kimoja? Filamu nzima ingeweza kusimama juu ya chupa moja ya sampuli. Malick anatuonyesha chupa hiyo, kisha anarudi kwenye mapazia na nywele.

Sasa tuje kwenye jua letu, maana filamu nyingi za ziwani hupotelea hapa kabla kamera haijawashwa.

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Jua huzama kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni mwaka mzima, na hushuka karibu wima. Mwendo wake ni nyuzi 15 kwa saa. Ukiuhesabu mwanga wa dhahabu kuanzia jua likiwa nyuzi 6 juu ya upeo wa macho, una dakika 24 mpaka lizame. Oklahoma, ambako jua hushuka kwa mshazari, nyuzi hizo hizo 6 huchukua nusu saa, na katikati ya kiangazi huzidi hapo. Jua likishazama, Kisumu hukupa kama dakika 20 za mwanga wa samawati, kisha giza. Jumla ni robo tatu ya saa, hiyo ikiwa wingu la mvua ya jioni halijatanda. Anayeiga mtindo wa Oklahoma hapa ana muda mfupi kuliko waliouanzisha, na kikosi chake ni kidogo zaidi.

Kuhamisha kamera, kuwapanga waigizaji na kupima mwanga kwa shoti moja (kipande kimoja cha picha kisichokatwa) huchukua dakika 8 hadi 10 kwa watu waliozoeana. Kwa hiyo jioni moja ina shoti 4, labda 5. Mwongozaji atampa nani shoti hizo? Aliyelewa kwa mtindo ule ataipa mashua iliyotia nanga, ndege juu ya matete, mkono juu ya majani. Tukio ambamo baba anamwambia mwanawe kwamba ameuza mashua litapigwa saa 7 mchana, kwa sababu ndiyo nafasi iliyobaki.

Saa 7 mchana jua la Kisumu liko utosini. Ukilinganisha na saa ya ukutani, hufika juu kabisa yapata saa 6:40. Macho ya mwigizaji yanakuwa mashimo meusi, paji linang'aa, maji nyuma yake ni meupe tupu. Mhariri akiliweka tukio hilo kati ya machweo mawili, linaonekana limetoka filamu nyingine. Anahangaika na rangi, haziendi. Mwishowe analikata. Sasa hakuna mahali ambapo mtazamaji anaambiwa mashua imeuzwa. Mwigizaji anaitwa tena, anawekwa mbele ya maikrofoni asome maneno ya kuziba pengo. Na kwa kuwa picha zilizobaki ni za ndege na matete, maneno yenyewe yanalazimika kuwa ya jumla: kuondoka, maji, kumbukumbu. Hivyo ndivyo mswada uliokuwa na baba, mwana na deni unavyotoka ukiitwa filamu ya kishairi. Hakuna aliyekaa chini akaamua iwe hivyo. Jua limeuandika upya mswada na watu wote wamekubali.

Dawa ni kuigeuza ratiba. Tukio lenye uamuzi ndilo lipewe jioni, mandhari yapewe saa nyingine. Ukurasa mmoja wa mswada ni kama dakika moja ya filamu. Mazungumzo ya kurasa mbili kati ya watu wawili yanahitaji, kwa uchache, shoti pana, uso wa huyu, uso wa yule, na kitu cha kukatia kama vile kamba ya mashua mkononi. Kila moja ikirudiwa mara 3, umepita saa nzima, kwa hiyo kazi hiyo haiingii katika dakika 24 na hakuna haja ya kujidanganya. Igawe. Anza na nyuso saa 10:30, waigizaji wakiwa wamelipa jua mgongo na kitambaa cheupe kikiwarudishia mwanga usoni. Kufikia saa 12:15 kila mtu awe mahali pake kwa shoti pana, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoonyesha anga. Funga mizani ya weupe ya kamera (kipimo cha kusawazisha rangi ya mwanga) kwenye Kelvini 5600 wala usiiache ijipange yenyewe. Ikijipanga itaufuta udhahabu ule uliousubiri mchana kutwa, na kila shoti itakuwa na rangi yake. Ndege na matete yapige alfajiri. Jua huchomoza kati ya saa 12:20 na 12:55, maji huwa yametulia zaidi, na hakuna mwigizaji wa kuamshwa.

Ikibidi mazungumzo yapigwe mchana, ondokeni juani. Chini ya mwembe, kwenye baraza, ndani ya banda la kuuzia samaki. Pasipo na kivuli, tandazeni shuka jeupe la mita 2 kwa 3 juu ya waigizaji, lifungwe pembe zote nne na mtu asimame karibu nalo kwa sababu upepo utalitaka. Ubao mweupe ukae chini ya kifua, nje ya fremu, ujaze macho. Kisha geuzeni kamera ziwa lisionekane. Mtazamaji hahitaji ziwa wakati baba anasema amelipoteza.

Kuna na hili la lenzi. Lubezki hupenda lenzi pana iliyosogezwa karibu na uso, kwa hiyo nyumba na uwanda hubaki vikionekana nyuma ya mtu. Vijana wetu wengi hufanya kinyume: lenzi ya milimita 50 ambayo tundu lake la mwanga limefunguliwa hadi f/1.8. Kwenye kamera ya sensa kubwa (full frame), mtu akiwa mita 2, kinachoonekana wazi ni kama sentimita 17 tu. Mtaa wa Kondele wote unakuwa ukungu wa rangi. Picha inapendeza, lakini umekuja hadi Kisumu ukaifuta. Funga tundu hadi f/5.6 na utapata zaidi ya nusu mita, mlango na jirani aliyesimama pale vitambulike, na ghafla kuna watu wawili kwenye tukio badala ya mmoja.

Adui wa pili hasikiki mpaka mtu avae hedifoni. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa, hewa hupanda, na upepo huvuma kutoka majini kuja ufuoni, mkali zaidi alasiri. Ongeza injini za mashua, matete yanayochakarika na muziki wa hoteli za samaki. Maikrofoni iliyo juu ya kamera hukusanya vyote hivyo na kumwacha mwigizaji chini kabisa. Wanarudi mjini, wanasikiliza, maneno hayasikiki. Njia rahisi ni kuyaondoa na kuweka piano. Ukitazama filamu ya ziwani ambamo watu hutazamana kwa muda mrefu bila kusema lolote, mara nyingi huo si ukimya wa kisanii. Upepo ulikula sauti.

Mbinu za kuiokoa si za gharama kubwa. Maikrofoni ndogo ya kubana nguoni ifichwe sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, ndani ya shati, ikiwa imevalishwa kitambaa cha manyoya. Kila shoti nzuri ikikamilika, waigizaji waingie kwenye gari, vioo vifungwe, warudie maneno yale yale mara mbili kwa kasi ile ile wakiwa bado na joto la tukio. Ukisubiri wiki mbili, sauti itakuwa imepoa na midomo haitalingana. Kisha watu wote wanyamaze na irekodiwe dakika moja ya mahali penyewe pakiwa tupu. Dakika hiyo ndiyo inayomwezesha mhariri kukata maneno bila mtazamaji kusikia shimo.

Mwendo wa polepole nao una hesabu yake, na wachache huifanya. Ukipiga fremu 120 kwa sekunde na kuonyesha 24, kila sekunde inakuwa 5. Tendo la sekunde 4, tuseme kurusha wavu, linachukua sekunde 20. Matatu ya hivyo ni dakika nzima ambayo hakuna kilichotokea ila nyavu tatu. Isitoshe, mwendo huo hauna sauti ya kulingana na midomo, kwa hiyo kila unapoutumia umemnyang'anya mtu usemi. Na jioni unaleta chengachenga: kutoka kasi ya shata ya 1/48 ya sekunde hadi 1/240 unapoteza sehemu nne kati ya tano za mwanga, wakati ambapo mwanga wenyewe ulikuwa unakwisha.

Yote hayo ni ya ufundi. Kuna swali la ndani zaidi, la kile ambacho shoti inafanya, na hapa tuende Obunga, mtaa wa Kisumu.

Viwanda vya samaki hukata minofu ya mbuta (sangara), sehemu kubwa ikauzwa ng'ambo. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mkia, yaani mgongo wazi, na hicho ndicho akina mama wa Obunga hununua, wakakianika, wakakikaanga na kukiuza. Kwa mtu mwenye kamera hapo ni peponi. Mifupa imepangwa juani safu kwa safu, moshi umekatwa na miale ya jua, mafuta yanatoka povu, uso wa mama unang'aa kwa joto la moto.

Filamu ya mapambo itachukua shoti sita: moshi, mifupa, mkono, povu, jicho, moshi tena. Zipange utakavyo, anza na ya mwisho umalizie na ya kwanza, hakuna kitakachobadilika, kwa sababu zote zinasema jambo moja, kwamba hapa pana dhiki na dhiki hiyo inapendeza. Huo ni udhaifu wa sanaa, na pia ni kumkosea mama yule heshima. Yeye anapiga hesabu kichwani tangu alfajiri. Filamu imemfanya mandhari.

Ianzie kwenye bei. Mama anafika kununua na kuambiwa mzigo umepanda tangu jana. Shoti ya kwanza ni vidole vinavyohesabu noti, vinasita, vinarudisha moja kwenye leso. Ya pili ni beseni lililojaa nusu. Kuanzia hapo mtazamaji anajua anatazama nini. Mafuta ya jana yanarudishwa kwenye karai yakiwa meusi tayari, maana pesa ya mafuta mapya ndiyo imetumika kuongezea samaki. Mteja anakuja, anainua kipande, anakinusa, anakirudisha. Sasa moshi ule ule, kwa mwanga ule ule, unapata kazi: unafunika uso wa mama wakati hasa anapoamua kushusha bei, tusiuone, tuone tu mkono ukiongeza kipande cha tatu kwenye gazeti ambalo lilikuwa na viwili. Hamna shoti hata moja humo yenye sura mbaya kuliko zile sita. Lakini jaribu kuzipindua mpangilio. Huwezi. Noti lazima zitangulie beseni, beseni litangulie mafuta, mteja atangulie moshi.

Huo ndio mtihani ninaoupendekeza, na ufanywe kwenye karatasi kabla ya kukodi chochote. Andika kila shoti kwenye kikaratasi chake: nani anaonekana, nini kinabadilika kati ya mwanzo na mwisho wa shoti. Vibandike ukutani. Kisha badilishana viwili vilivyo jirani. Hadithi ikibaki vile vile, kimoja kati yao ni pambo. Mapambo hayakatazwi, sehemu moja kati ya kumi ya filamu inaweza kuwa pumzi tu na ikapendeza. Ukigundua nusu ya ukuta inahamishika, huna filamu bado, hata kama kila kikaratasi kimeandikwa machweo.

Gugumaji ni mfano mwingine wa haraka. Droni juu ya zulia lile la kijani, mashua ikiwa imenaswa katikati, ni picha ambayo kila mtu anaipiga. (Uwanja wa ndege wa Kisumu uko kando ya ziwa hilo hilo, na droni Kenya inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA; mambo hayo yashughulikiwe wiki kadhaa mapema.) Piga hiyo, sawa. Kisha shuka ndani ya mashua uonyeshe sanduku la samaki na barafu. Rudi juu. Shuka tena: barafu imebaki nusu. Mara ya tatu unapopaa, gugumaji halipendezi tena, linaogopesha, na hujaongeza neno hata moja.

Nitaambiwa kwamba filamu ya kisanii haidaiwi hadithi, kwamba kuna filamu zilizo taratibu kuliko To the Wonder na zinaheshimiwa ulimwenguni. Ni kweli, nami nazipenda. Zitazameni kwa makini. Katika Nostalghia ya Mrusi Andrei Tarkovsky, ya mwaka 1983, kuna shoti moja ya karibu dakika 9 ambamo mtu anavuka bwawa lililokaushwa maji akiwa ameshika mshumaa. Basi. Hakuna mazungumzo wala kukata. Lakini ameahidi kuuvusha mshumaa ukiwa unawaka, upepo unauzima, anarudi mwanzo. Unazimika tena, anarudi tena. Mara ya tatu mtazamaji mwenyewe anaziba pumzi. Shoti ile ina sharti, ina kushindwa, ina gharama kwa mwili wa mtu anayedhoofika mbele yetu. Utaratibu wake umelipiwa.

Na kwa wanaopiga ziwa, hakuna somo kubwa kuliko Timbuktu ya Abderrahmane Sissako, ya mwaka 2014, iliyozoa tuzo za César, tuzo kuu za filamu za Ufaransa, mwaka uliofuata. Mvuvi anamuua ng'ombe aliyeingia kwenye nyavu zake. Mfugaji, Kidane, anamwendea akiwa na bastola, wanakabana majini, risasi inatoka. Kisha Sissako anaiweka kamera mbali sana, pana, jua likiwa chini, na kutuacha tumtazame Kidane akivuka maji yale ya kina kifupi kuelekea upande wa pili, wakati mvuvi upande mwingine wa fremu anajaribu kuinuka na kuanguka. Ni moja ya picha nzuri kabisa katika sinema ya Afrika. Inauma kwa sababu tumeshamjua ng'ombe yule kwa jina lake, tumeziona nyavu, tumemwona mtoto aliyekuwa akichunga, na tunaona kwa macho umbali kati ya mtu anayeondoka na mtu anayekufa. Uzuri wa maji hauombi radhi, wala haujifichi. Umepangiwa kazi.

Anayetaka kufika huko kutoka Kisumu hahitaji kamera nyingine. Anahitaji wiki mbili za ziada kwenye mswada, na mtu mmoja kikosini ambaye kazi yake ni sauti peke yake, asiyeombwa pia kushika taa na kuita bodaboda. Anahitaji pia kuutazama mkato wa kwanza, yaani toleo la kwanza la mhariri, bila muziki wowote. Muziki uingie mwisho. Ukiingia mapema utakuambia filamu inagusa moyo wakati piano ndiyo inayogusa. Waitwe watu watatu wasioujua mswada, filamu isimamishwe dakika ya 15, waulizwe wanaogopa nini kitatokea. Wakiwa na hofu tofauti, si neno, filamu inaendelea kufanya kazi. Wasipokuwa na hofu yoyote, tukio la uamuzi halipo au limechelewa, na halitapatikana kwenye kompyuta.

Ndiyo maana bajeti iwe na siku moja ya kurudi, iliyotengwa tangu mwanzo na isiyoguswa, baada ya mkato wa kwanza. Kwa filamu fupi, jioni moja zaidi Dunga ni mafuta ya mashua, chakula cha watu sita, nauli, na waigizaji wawili waliohifadhi nguo zao bila kuzifua. Tumieni dakika zote 24 kwa baba na mwana.